Funua, Geuza, Ndipo Ufunge

Nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza serikali ilinipa barua na saa ya ukutani ambayo haijawahi kwenda sawa. Mara ya pili, mwaka huu, nyonga yangu ndiyo iliyonistaafisha, bila barua. Katikati ya hizo mbili nilifanya kazi katika zahanati ya parokia huku milimani Ukata, ambako wengi wenu mlipitia mkiwa wapya, mkanikuta, mkanibandika jina la Mama Funua mkidhani sisikii. Nilikuwa nasikia. Nesi aliyezeekea wodini husikia hata dripu inapokaribia kwisha.

Mmeniomba niwaandikie ya kazini. Ya vyeo na mishahara yatafuteni kwenye faili, kama panya wameyabakiza. Mimi nitaandika kwa nini niliwagombeza kila mlipomhudumia mgonjwa juu ya nguo zake, hata aliyekuja na kidole kilichokatika tu. Mlidhani ni ukali wa uzee. Sababu yake ni asubuhi moja kule ziwani, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, ambayo sikuwahi kumsimulia mtu hadi mwaka huu.

Mimi ni mtoto wa kahawa, Mkatoliki wa milimani. Nilipomaliza chuo cha uuguzi nikaolewa ziwani, kwa Wilfred, mwalimu wa shule ya msingi pale Chiwanda, Mwanglikana. Kwetu walisema nimepotea mara mbili, kwa dini na kwa samaki. Wakati huo ng'ambo ya pili Wareno walikuwa bado wanatawala, na vijana wa Msumbiji walikuwa vitani nao. Majeruhi wao walivushwa kwa mitumbwi hadi upande wetu, na kando ya ufuko, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka nyumbani kwa Wilfred, palikuwa na kambi ya wagonjwa: nyumba sita za miti na udongo, zilizoezekwa nyasi na kufunikwa matawi ili ndege zisizione. Walihitaji nesi anayejua Kiswahili na anayeelewa Kinyasa. Nikaenda kwa mwezi mmoja. Nilikaa miaka mitatu.

Daktari mpasuaji alikuwa mmoja tu, Daktari Lazaro, mtu wa ng'ambo hiyohiyo, mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kama ya mchonga makasia. Alikuwa amesomea nchi ya mbali yenye theluji, vita vikamwita kabla hajamaliza. Siku yangu ya kwanza hakuuliza cheti. Alinikabidhi mguu.

"Shika hapa," alisema. "Usitazame uso wake. Tazama mkono wangu."

Nikashika. Alikuwa kijana aliyekanyaga bomu la ardhini, na chini ya goti hapakuwa na la kuokoa. Msumeno ulikwenda kwa muda mfupi kuliko nilivyotegemea, halafu ule mguu ukabaki mikononi mwangu peke yake. Chuoni hakuna aliyekuwa amenifundisha mguu wa mtu una uzito gani. Nilisimama nao nisijue pa kuuweka, kama mgeni aliyepewa mzigo mlangoni, mpaka Fidelis, mhudumu wa wodi, akaja kuupokea kwa adabu zote. Jioni nilitapika. Kesho yake nilirudi, na hilo ndilo pekee ninalojisifia katika siku zile za mwanzo.

Mnaolalamika kwamba glavu zimekwisha, sikilizeni. Meza yetu ya upasuaji ilikuwa mlango uliong'olewa kwenye nyumba ya mtu aliyekimbia vita. Msumeno wa mifupa ulinolewa kwa tupa ya seremala. Dawa ya usingizi ilikuwa etha, tukiidondosha kwenye pamba iliyowekwa juu ya chujio la chai, na mimi ndiye niliyehesabu matone huku nikijizuia nisilale pamoja na mgonjwa. Nyuzi za kushonea zikiisha tulichemsha nyuzi za nyavu. Daktari alisema kidonda hakijui uzi umetoka kiwandani au kwa mvuvi. Kiliujua, mara nyingine. Tulizika wengi kwa usaha kuliko kwa risasi, na hilo halisemwi siku za sherehe.

Alikuwa na tabia zake. Alikula akiwa amesimama. Hakutaka kujua jina la mgonjwa kabla ya kumpasua; alisema jina hutetemesha mkono. Lakini jioni alipita kitanda hadi kitanda akimwuliza kila mmoja anaitwa nani na mtoto wa nani, akirudia taratibu hadi alishike. Waliokufa mezani aliwaulizia majina yao kwa waliowabeba. Kama waliowabeba nao hawakujua, siku hiyo hakula hata hicho cha kusimama.

Kitu alichokishikilia kuliko vyote ni mapokezi. Mitumbwi ilileta watu wengi kwa mpigo, na yeye alikuwa na mikono miwili na mlango mmoja. Kwa hiyo mtu mmoja alikaa ufukoni kuwachagua, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na vitambaa vya rangi tatu, vilivyochanwa kwenye kanga kuukuu. Chekundu mkononi, mgonjwa huyo moja kwa moja mezani. Cha njano, asubiri akiangaliwa. Cheupe, anaweza kukaa mwenyewe, atafungwa kidonda baadaye. Na kabla ya kufunga kitambaa chochote palikuwa na amri ambayo Daktari alinikaririsha kila asubuhi kama katekisimu.

"Sista, unafanyaje?"

"Nafunua, nageuza, ndipo nafunga."

"Ukisahau moja?"

"Nimemzika mimi."

Mtu wa vitani anaonyesha kidonda kinachopiga kelele, alisema. Kinachoua kimenyamaza chini ya nguo.

Sasa niwaambie habari za Mzee Osmund, baba yake Wilfred, yaani mkwe wangu. Alikuwa mvuvi wa usipa na mbasa, mfupi, mpana mabegani, asiye msemaji. Vita vilipopamba moto aliacha nyavu, akawa anavusha majeruhi kwa mtumbwi wake. Hakuna aliyemwagiza. Alisema tu kwamba anayajua maji yale kuliko Wareno. Daktari Lazaro alimpenda. Kila Mzee Osmund alipofika na majeruhi alikuwa na samaki mmoja aliyefungwa kwenye majani, wa Daktari, na Daktari alimpokea kwa mikono miwili. Naye ni mtu pekee ambaye Daktari alimjua kwa jina tangu mwanzo.

Wengi wenu mmezaliwa juzi, na wengine mnakaa nyumba moja na wakwe zenu mkigombea rimoti. Kwao Wilfred haikuwa hivyo. Nilipomwona Mzee Osmund njiani nilipisha pembeni, nikapiga magoti, nikamwamkia nikitazama chini. Sikukalia kigoda chake, sikufua nguo zake, sikupita alikolala. Hatukuwahi kula pamoja. Haukuwa uadui, ilikuwa ndiyo heshima yenyewe, na yeye aliilinda kwa upande wake. Kabla ya kukunja kona ya nyumba alikohoa, ili kama nimekaa vibaya nipate nafasi ya kujifunga kanga vizuri. Katika miaka yote ya ndoa sijaonyeshwa upole mkubwa kuliko kile kikohozi.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya jua kali, upepo wa mwera umetulia. Mtumbwi wa Mzee Osmund ulionekana ukija polepole mno. Walikuwa wamechelewa kuvuka, kukapambazuka wakiwa katikati ya ziwa, na boti ya Wareno ikawaona na kuwamiminia risasi. Ndani mlikuwa na majeruhi wanane. Wawili walikuwa wameshakufa. Mzee Osmund alipiga kasia hadi mtumbwi ukagusa mchanga, akashuka mwenyewe, akaenda kukaa kando, mgongo wake ukiegemea jiwe. Alikuwa amejifunga kipande cha turubai kiunoni hadi magotini, kimelowa maji mekundu ya mtumbwini. Kila mtu pale alikuwa amelowa maji hayo.

Nikaanza kuchagua. Nilifunua, nikageuza, nikafunga. Wa kifua, chekundu. Wa tumbo, chekundu. Wa taya, njano. Damu ilikuwa nyingi, na Daktari alikuwa akiita kutoka nyumba ya meza, "Sista, wa kwanza yuko wapi? Sista!" Nikamfikia Mzee Osmund mwisho. Nilipiga magoti mchangani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Waangalie kwanza hao watoto. Mimi ni mkono tu."

Alininyooshea mkono wa kushoto. Risasi ilikuwa imeuchana juu ya kiwiko, jeraha bayana, lisilotisha. Mkono wa kulia aliuweka mapajani, ameukunja kwenye lile turubai na kulibana katikati ya magoti. Nililiona hilo. Niliona anavyolibana.

Nilitakiwa kufunua. Fidelis alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, ameshika beseni. Ningeweza kumwita, nikageuka upande, yeye akafunua kwa niaba yangu. Sikumwita. Nilijiambia kwamba kumvua nguo mzee ufukoni, mkwewe akiwa pale, ni kumuua kwa aibu. Nilijiambia kwamba amepiga kasia, ameshuka mwenyewe, amekaa, ameongea. Na ukweli mwingine, mdogo na mbaya, ni kwamba niliona haya mimi. Nikamfunga kitambaa cheupe, nikitazama mchanga, nikakimbilia kwa Daktari.

Tulimfanyia wa kifua, akafa. Tulimfanyia wa tumbo, akapona, na baadaye nilisikia amekuwa mwalimu kwao. Tulikuwa tumemlaza wa tatu Fidelis alipochungulia.

"Sista, yule mzee wa mtumbwi amesinzia. Namwita, haamki."

Daktari aliacha kila kitu, wa tatu akashushwa mkekani. Watu wawili walimbeba mzee, wakamweka juu ya mlango, na Daktari akalivuta lile turubai lote kwa mkono mmoja. Kwenye kinena upande wa kulia palikuwa na tundu lisilozidi punje ya mahindi. Chini yake turubai lilikuwa limebeba damu kama kibuyu. Alikuwa amekaa pale jiweni akivuja kidogo kidogo, wakati mimi nikihesabu matone ya etha ya mtu mwingine.

"Koleo," Daktari alisema.

Nikampa. Nilisimama upande wa meza ninaosimama kila siku, nikampa koleo, pamba, nyuzi, na nikaona kila nilichokataa kukiona ufukoni, mkwe wangu akiwa kama alivyozaliwa. Daktari aliutafuta mshipa, akaupata, akaufunga. Fidelis alishalala kutoa damu yake. Haikusaidia. Mzee Osmund hakufumbua macho tena, na sikujua kama nimshukuru Mungu kwa hilo.

Daktari alikiona kitambaa kwenye kifundo cha mkono.

"Nani alifunga hiki?"

"Mimi."

"Ulifunua?"

Sikuweza kusema hapana. Nilisema, "Daktari, ni mkwe wangu."

Ningependa angenipiga. Uso wake ulilegea, maana naye alikuwa mtu wa ziwa hilohilo na ana wakwe zake ng'ambo.

"Hata kwetu ni hivyo," alisema. Halafu akasema, "Kanawe mikono. Bado wanne."

Kile kitambaa cheupe hakikutunzwa wala kuzikwa naye. Vitambaa vilikuwa vichache. Kilitupwa kwenye pipa la kuchemshia pamoja na vingine, na wiki iliyofuata nikakikuta mkononi mwangu, nimekitambua kwa ncha iliyoungua. Nikamfunga nacho mtu. Nilikuwa nimemfunua kwanza, nikamgeuza, nikamfunua tena.

Msibani mama mkwe alinishika mikono mbele ya watu. "Mwanangu, nashukuru hakufa peke yake. Alifia mikononi mwa mkwewe." Wanawake waliokuwepo wakaitikia. Mimi niliinama, wakadhani ni uchungu, na uchungu ulikuwepo pia. Wilfred aliniuliza mara moja tu, usiku wa matanga, kama baba yake aliteseka. Nikamjibu kwamba alilala tu. Hakuna neno la uongo katika hilo, na ndivyo nilivyoishi na mume wangu miaka arobaini, kwa maneno yasiyo na uongo. Alikufa akiamini kwamba nilifanya kila lililowezekana. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie, halafu nikamwuliza kama chai ina sukari.

Vita vilipokwisha Daktari Lazaro alirudi kwao kwa mtumbwi, mchana kweupe, msumeno wake umefungwa kwenye gunia. Nilimsindikiza hadi majini.

"Ulimwambia mumeo?" aliniuliza.

"Bado."

"Mimi niliandika kwamba alichelewa kufika mezani." Akapanda mtumbwini. "Ni kweli, Sista. Alichelewa."

Sikumwona tena. Miaka mingi baadaye nilisikia amefariki akiwa bado kazini, katika hospitali ndogo ya kwao, na nikajiuliza kama alikuwepo mtu wa kumwuliza jina lake na la baba yake.

Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kama zenu: malaria, uzazi, watoto wa kuhara, wachuma kahawa walioanguka na ngazi, walevi wa sikukuu. Nimewafunua wote. Nimemfunua diwani aliyesema ana kichwa tu, nikakuta jipu la wiki mbili. Nimemfunua padre, naye akasali kwa sauti muda wote. Mmoja wenu, jina namwachia, aliwahi kuniambia, "Mama, utu wa mgonjwa jamani," na nikamjibu vibaya sana. Leo namwomba radhi kwa maneno, si kwa jambo lenyewe.

Nyonga ilivunjika mwezi wa pili. Nilikuwa nakagua maharage shambani, kwenye ngolo zetu, yale mashimo tunayochimba milimani ili mvua isibebe udongo. Mvua ilikuwa imenyesha, ukingo ukateleza, nikaingia shimoni ubavu ubavu. Nilisikia mfupa ukilia. Nimesikia sauti hiyo mara nyingi kwa wengine, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuambiwa. Na chini ya kitenge nilihisi joto linatiririka pajani, maana kisiki cha mhindi wa mwaka jana kilikuwa kimeingia.

Majirani walinibeba hadi zahanati yangu mwenyewe. Nesi alikuwa ameenda Mbinga kuchukua chanjo. Aliyekuwepo zamu ni Deo, tabibu, mzaliwa wa Kitura, mnayemfahamu kwa kucheka hovyo. Deo amemwoa binti yangu wa mwisho. Alikohoa mlangoni kabla ya kuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Alipiga goti kando ya kitanda, macho chini, kama alivyolelewa. Jasho lilimtoka. "Mama, umeumia wapi?"

Mimi, Mama Funua, niliyewafundisha watu wazima kwa kuwafokea, nilikuwa najua kila kilichovunjika na kila kinachovuja, na kwa mpangilio wake. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Si kitu, baba. Ni goti tu."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekamata kitenge. Nilikuwa nimekikunja na kukibana mapajani.

Miaka hamsini nilijiambia kwamba Mzee Osmund hakujua. Kwamba maji ya ziwa yalikuwa ya baridi, kwamba alikuwa amechoka, kwamba risasi ya namna ile mtu anaweza asiisikie. Niliitafuna faraja hiyo mpaka ikaisha ladha. Pale kitandani nilipouona mkono wangu nilijua kwamba alijua. Alijua tangu ziwani. Alikaa akiegemea lile jiwe, akihisi joto linatoka, akanisikia nikimwamkia, akaamua. Na mimi niliyekuwa na kitambaa nilimwachia aamue.

Nililia, na Deo alidhani ni mfupa.

"Mama," alisema, "nisamehe. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha. Nafunua, nageuza, ndipo nafunga."

Akanyoosha mkono, akashika upindo wa kitenge, akasubiri. Hakuvuta. Vidole vyangu havikutaka. Nilivitazama kama vya mtu mwingine, vimezeeka, vimekauka kwa sabuni za miaka yote ile, vimekaza.

"Ukisahau moja?" nikamwuliza.

"Nimemzika mimi, mama."

Nikaachia kitenge.